Dawa mbili za usingizi, wagonjwa kumi, na p mbili zisizoelewana

Hizi hapa namba ishirini. Ni saa za usingizi ambazo wagonjwa kumi waliongeza, au walipoteza, walipopewa dawa ya kwanza na walipopewa ya pili, zikilinganishwa na usiku ambao hawakupewa dawa yoyote.

Mgonjwa 1: 0.7 na 1.9
Mgonjwa 2: −1.6 na 0.8
Mgonjwa 3: −0.2 na 1.1
Mgonjwa 4: −1.2 na 0.1
Mgonjwa 5: −0.1 na −0.1
Mgonjwa 6: 3.4 na 4.4
Mgonjwa 7: 3.7 na 5.5
Mgonjwa 8: 0.8 na 1.6
Mgonjwa 9: 0.0 na 4.6
Mgonjwa 10: 2.0 na 3.4

Wastani wa dawa ya kwanza ni nyongeza ya saa 0.75, na wa pili ni saa 2.33. Tofauti ni saa 1.58, yaani saa moja na dakika 35 hivi. Swali ni kama tofauti hiyo ni ya dawa au ni bahati tu.

Ukiiambia kompyuta kwamba haya ni makundi mawili ya watu, jaribio la t, linalopima tofauti ya wastani dhidi ya utapakaaji wa namba, litakupa t ya 1.86 na p ya 0.079; p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kama dawa zingekuwa sawa. Kwa desturi ya kudai p iliyo chini ya 0.05, unaandika kwamba hakuna ushahidi wa kutosha. Ukiiambia kwamba ni jozi kumi, t inapanda hadi 4.06 na p inashuka hadi 0.0028. Sasa unaandika kwamba ushahidi ni mzito. Namba ni zilezile na tofauti ya wastani ni ileile. Kilichobadilika ni maelezo uliyoipa kompyuta kuhusu namna namba hizo zilivyopatikana.

Data hii ina historia ndefu. Ilikusanywa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, na ikachapishwa mwaka 1905 na Arthur Cushny, Mskoti aliyekuwa profesa wa famakolojia Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na mwenzake Peebles. Mwaka 1908 William Gosset, aliyeajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliichukua kama mfano katika makala yake ndani ya jarida la Biometrika. Mwajiri wake hakupenda wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, hivyo akajiita Student. Makala hiyo ndiyo chimbuko la jaribio la t ambalo leo kila mwanafunzi wa uzamili analibofya bila kujua lilitoka wapi. Mwaka 1925 mtakwimu Ronald Fisher akaiweka data hiyohiyo katika kitabu chake cha mbinu za takwimu, na kutoka hapo ikasambaa duniani. Leo imo ndani ya programu ya takwimu iitwayo R, kwa jina la sleep.

Sasa twende wodini, maana jibu liko huko.

Wagonjwa walikuwa walewale kwa dawa zote mbili. Ukitazama saa walizolala bila dawa unaona jinsi walivyotofautiana wao kwa wao: mgonjwa wa 1 alilala wastani wa saa 0.6 tu, mgonjwa wa 5 saa 6.2. Hata kuitikia kwao dawa kulitofautiana. Wagonjwa wa 6 na wa 7 waliongeza zaidi ya saa tatu kwa dawa yoyote utakayowapa. Wagonjwa wa 2 na wa 4 walilala pungufu kwa dawa ya kwanza, na ya pili haikuwaongezea hata saa nzima. Anayeitikia vizuri huku anaitikia vizuri na kule, na uhusiano kati ya safu hizo mbili unafika 0.80, ambapo 1 ndio uhusiano kamili.

Jaribio la makundi mawili halioni lolote kati ya hayo. Linatazama safu ya kwanza, linaona namba zimesambaa kutoka −1.6 hadi 3.7, linatazama ya pili, linaona kutoka −0.1 hadi 5.5, kisha linasema: kwa namba zilizotapakaa hivi, saa moja na nusu inaweza kutokea kwa bahati. Utapakaaji huo wote, ambao kwa sehemu kubwa ni tofauti ya mtu na mtu, linauhesabu kama kelele. Kosa sanifu la tofauti, yaani kadirio la jinsi tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati tu, linakuwa saa 0.85.

Jaribio la jozi linaanza kwa kutoa. Kwa kila mgonjwa chukua dawa ya pili, toa ya kwanza: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4. Mgonjwa mzito wa usingizi na yule mwepesi wamekuwa sawa, kwa sababu kila mmoja amelinganishwa na nafsi yake. Hata saa za usiku usio na dawa zimejifuta zenyewe: mgonjwa wa 1 alilala saa 1.3 kwa dawa ya kwanza na 2.5 kwa ya pili, na tofauti ni 1.2 ileile, uwe umeanza na saa halisi au na nyongeza. Namba hizi kumi hazijasambaa sana. Kosa sanifu linashuka hadi 0.39, na wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwemo, unakwenda kutoka saa 0.70 hadi saa 2.46. Ule wa makundi mawili ulikuwa unaanzia −0.21 na kuishia 3.37.

Faida hiyo inapimika kwa watu. Kama Cushny angetumia wagonjwa tofauti kwa kila dawa na kutaka usahihi huohuo, angehitaji wagonjwa kama 48 kila upande, jumla 96, badala ya kumi. Wenye bajeti ndogo za utafiti waisome tena sentensi hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulipindua. Jaribio la jozi halichaguliwi kwa sababu linatoa p ndogo. Fisher mwenyewe, katika kitabu kile, alizichukua namba hizi na kusema tuchukulie zimetoka kwa wagonjwa tofauti, kisha akakokotoa t ya 1.86. Kama hivyo ndivyo ingekuwa, 0.079 ndilo lingekuwa jibu halali, na hakuna ujanja wa kuliboresha. Huwezi kumpanga mgonjwa wa 1 wa kundi hili na wa 1 wa kundi lile kwa sababu tu wako kwenye mstari mmoja wa Excel. Nimeona majedwali ya namna hiyo: safu mbili zenye urefu sawa, mtu akadhani urefu sawa maana yake ni jozi. Jozi inatengenezwa na kitu kilichotokea kabla ya data kuandikwa. Inaweza kuwa mtu mmoja aliyepimwa mara mbili, au mapacha, au vipande viwili vya shamba moja, au jicho la kulia na la kushoto.

Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi, na mpangilio wa faili unachangia. Data hii mara nyingi inahifadhiwa kwa mistari ishirini: safu moja ya saa, nyingine ya dawa. Ndani ya R safu ya dawa imeitwa group, na maelezo ya data yenyewe yanaonya kwamba jina hilo linaweza kupotosha, kwani hapa hakuna makundi bali watu kumi waliopimwa. Ukiiomba programu ilinganishe saa kwa group, inafanya ulichoiomba. Safu ya tatu, yenye namba za wagonjwa, imekaa tu pembeni. Tena kwa miaka mingi uliweza kuandika fomula ileile na kuongeza neno la jozi; programu ikaunganisha mistari kwa mfuatano wake, wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili. Mtu akipanga upya faili kwa ukubwa wa saa kabla ya kukokotoa, jozi zote zinavurugika na hakuna onyo linalotokea. Tangu toleo la 4.4.0 la mwaka 2024, R inakataa kabisa njia hiyo. Mafunzo mengi ya mtandaoni bado yana amri ya zamani, ndiyo maana inagoma ukiinakili.

Tukishakubaliana kuhusu jozi, ndipo linapokuja swali ambalo wengi huanza nalo: je, data ina mtawanyo wa umbo la kengele, yaani namba nyingi karibu na wastani na chache kila upande?

Mimi hupenda kuuliza kwanza, data ipi? Ukiifanyia kila safu jaribio la Shapiro na Wilk, ambalo p yake ikiwa chini ya 0.05 inaashiria kwamba umbo si la kengele, zote zinapita bila taabu: p ni 0.41 kwa dawa ya kwanza na 0.35 kwa ya pili. Mwanafunzi anaandika kwenye sura ya tatu kwamba masharti yametimia. Lakini jaribio la t la jozi halijali umbo la safu. Linajali umbo la zile tofauti kumi, na hizo zikipimwa p inatoka 0.033. Hazikupita. Mkosaji anajulikana: ni mgonjwa wa 9 na 4.6 yake, wakati wengine tisa wote wako kati ya 0 na 2.4.

Wengine hapa hukimbilia kufuta. Tuchungulie kwanza. Mgonjwa wa 9 bila dawa alilala saa 1.1. Kwa dawa ya kwanza saa 1.1 ileile. Kwa ya pili saa 5.7. Je, aliyeandika alikosea tarakimu? Bahati nzuri Cushny na Peebles walijaribu dawa ya tatu pia, ndugu wa karibu wa ile ya pili, na kwa dawa hiyo mgonjwa wa 9 alilala saa 5.8. Basi si kosa la kalamu. Huyu ni mtu ambaye dawa ya kwanza haikumgusa, na zile mbili zilimlaza. Kumfuta ni kufuta matokeo ya kweli.

Na ukimfuta hesabu inafanya kituko. Wastani wa tofauti unashuka kutoka 1.58 hadi 1.24, lakini t inapanda kutoka 4.06 hadi 5.66. Mgonjwa aliyeitetea dawa ya pili kuliko wote ndiye aliyekuwa akidhoofisha ushahidi wake! Sababu ni kwamba t ni wastani uliogawanywa kwa kosa sanifu, na namba yake ya mbali inaukuza utapakaaji kuliko inavyoukuza wastani: mkengeuko wastani wa tofauti, kipimo cha utapakaaji huo, ni 1.23 akiwepo na 0.66 asipokuwepo. Wanaodhani namba ya mbali daima inaleta p ya uongo iliyo ndogo waiangalie hii kwa makini.

Njia iliyo salama zaidi ni kuuliza swali kwa jaribio lisilotegemea kengele. Jaribio jepesi kuliko yote ni la ishara: kati ya wagonjwa kumi, mmoja hakuona tofauti, na tisa waliobaki wote walilala zaidi kwa dawa ya pili. Kama dawa zingekuwa sawa, kuwapata tisa wote upande mmoja ni sawa na kurusha sarafu mara tisa na kupata upande uleule, uwe huu au ule: 2 kwa 512, yaani 0.0039. Jaribio la Wilcoxon la mwaka 1945 linakwenda hatua moja mbele na kuzipa tofauti daraja kwa ukubwa, kisha linajumlisha daraja za upande hasi. Upande hasi hapa hauna mtu, jumla ni sifuri, na p kamili inakuwa 0.0039 tena. Ukigeuzageuza alama za tofauti zenyewe kwa kila namna inayowezekana, bado unapata 0.0039. Majaribio matatu yanakubaliana kwa sababu ishara zote ziko upande mmoja. Katika data yenye ishara mchanganyiko yangeachana.

Programu yako, hata hivyo, inaweza kukupa 0.009 kwa Wilcoxon. Usishtuke. Kuna sifuri moja na kuna 1.3 mbili zinazofungana, na programu ikikutana na mafungano huacha hesabu kamili na kutumia makadirio. Kwa watu tisa makadirio hayo ni ya kibabaishaji kidogo. Andika ulichotumia, msomaji ataelewa.

Sasa tupange uzito wa maamuzi haya. Kutoka t ya jozi kwenda Wilcoxon ya jozi, p ilihama kutoka 0.0028 hadi 0.0039, na hakuna hitimisho linalobadilika. Kutoka jozi kwenda makundi mawili, ilihama hadi 0.079. Na kwa anayedhani majaribio ya daraja yatamwokoa, lile la Mann na Whitney, ambalo ni la makundi yasiyohusiana, linatoa 0.069 kwa data hiihii. Hata swali la utapakaaji usiolingana, ambalo vitabu hulipa kurasa nyingi, halikutikisa lolote hapa: makundi ni kumi kwa kumi, mikengeuko wastani ni 1.79 na 2.00, na t ya kawaida na ile ya Welch, isiyodai utapakaaji ulingane, zinatoka sawa, 1.86. Muda ambao watafiti hutumia kubishana kuhusu kengele ungefaa zaidi kutumika kumuuliza aliyekusanya data: nani alipimwa, mara ngapi, na nani?

Swali hilo la mara ngapi lina mtego mwingine katika kisa hiki. Kila namba ya jedwali ni wastani wa usiku kadhaa, na idadi ya usiku haikuwa sawa kwa wagonjwa wote. Mtu mwenye madaftari ya wodi angeweza kuingiza kila usiku kama mstari wake na kujikuta na data kubwa inayompa p ya kutisha. Lakini wagonjwa wangebaki kumi. Usiku wa tano wa mgonjwa wa 7 haukuambii lolote kuhusu mgonjwa wa kumi na moja. Nakutana na hili sana kwa wanaopima shinikizo la damu mara tatu kwa kila mgonjwa na kuripoti vipimo 180 badala ya watu 60. Chukua wastani wa kila mtu kama alivyofanya Cushny, au tumia modeli inayomtambua mgonjwa. Usihesabu vipimo kana kwamba ni watu.

Na lipo ambalo hakuna jaribio linaloweza kulitengeneza. Mwaka 1905 ugawaji wa bahati nasibu kwa maana ya leo ulikuwa bado haujaingia kwenye majaribio ya dawa. Kama mfuatano wa dawa au majira yaliathiri usingizi, hilo limo ndani ya 1.58 na halitoki kwa kubadilisha t kuwa Wilcoxon.

Nimetaja dawa ya tatu. Ukiiweka pamoja na usiku usio na dawa unapata safu nne: wastani wa saa 3.25 bila dawa, 4.00 kwa ya kwanza, 5.58 kwa ya pili na 5.57 kwa ya tatu. Safu zikiwa nne, t mbilimbili zinakuwa sita, na kila moja ina nafasi yake ya kukudanganya, kwa hiyo tunaanza na ANOVA, jaribio linalolinganisha wastani zote kwa pamoja kwa namba iitwayo F. Kosa lilelile la mwanzo linarudi kwa sura kubwa zaidi. ANOVA ya makundi manne yasiyohusiana inatoa F ya 3.89, p kama 0.02. Ukimtenga mgonjwa kama chanzo chake cha tofauti, F inakuwa 10.1 na p inashuka chini ya 0.001. Katika utapakaaji wote uliohesabiwa kama kelele, jumla ya miraba ya umbali kutoka wastani ikiwa 125.8, kiasi cha 89.5 kilikuwa ni watu kutofautiana tu. Anayeogopa kengele hapa atumie jaribio la daraja la Friedman la mwaka 1937, ambalo ndiyo, ni la Milton Friedman yuleyule mchumi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba ulinganisho maarufu, ule wa Student, si swali ambalo watu wa Michigan walikuwa wakilitafuta. Dawa ya kwanza ilikuwa hayosiamini; ya pili na ya tatu zilikuwa hayosini, moja ikiwa ya umbo la kushoto pekee, nyingine mchanganyiko wa umbo la kushoto na la kulia. Makala ya Cushny na Peebles ilihusu maumbo hayo: je, molekuli na taswira yake ya kwenye kioo zinalaza sawa? Student alikosea majina, akaandika kwamba safu zake mbili ni maumbo mawili ya hayosiamini, na Fisher akamfuata. Hesabu ilikuwa safi, lebo zikawa za dawa nyingine.

Swali lao halisi linajibiwa na safu ya pili na ya tatu. Toa moja kwa nyingine kwa kila mgonjwa: −0.4, 0.6, −1.1, −0.8, 0.6, 0.7, 0.2, −0.1, 0.1, 0.1. Wastani ni −0.01, t ni −0.05. Hapa p ni kubwa mno, na wengi wangeandika "hakuna tofauti" na kufunga daftari. Afadhali waandike wigo: kutoka −0.44 hadi 0.42, yaani pungufu au zaidi ya dakika 26 hivi kwa usiku. Kwa jozi kumi, huo ni wigo mwembamba. Ukilazimisha makundi mawili kwa safu hizohizo, unatanuka hadi karibu saa moja na dakika 42 kila upande, na hapo huwezi kumwambia daktari lolote la maana kuhusu maumbo hayo mawili.